Hadithi ya Kijiji, Hatua za Kila Mtoto

Mwishoni mwa mwaka 2017, watoto zaidi ya 2,500 katika vijiji takriban 170 vya Mkoa wa Tanga walikabidhiwa vishikwambi. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuingia darasani, na zaidi ya tisa kati ya kila kumi hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Hawakuletewa mwalimu. Vijiji vilifungiwa mitambo ya kuchaji kwa umeme wa jua, wakateuliwa akina mama wa kuviangalia vifaa, na watoto wakaachwa na michezo na hadithi zilizokuwamo ndani kwa miezi 15. Hayo yalikuwa mashindano ya Global Learning XPRIZE, yaliyofadhiliwa na Elon Musk na kuendeshwa kwa ushirikiano na Serikali ya Tanzania, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Timu tano zilifika fainali. Mei 2019 mbili kati yao, onebillion ya Uingereza na Kitkit School ya kampuni ya Enuma, ziligawana zawadi ya dola milioni 10.

Mtu anayetaka kuzungumza leo juu ya akili mnemba na michezo ya kujifunzia hana haja ya kutafuta mifano California. Aanzie Tanga, ashuke na pwani kupitia Pangani na Saadani hadi Bagamoyo. Jaribio kubwa la aina hiyo lilifanyika katika ukanda huu, kwa lugha yetu, kwa watoto wetu, na matokeo yake yana mambo mawili ambayo hayasemwi pamoja mara nyingi. La kwanza ni kwamba idadi ya watoto wasioweza kusoma hata neno moja ilipungua kwa nusu, bila mwalimu yeyote. Hilo ni jambo kubwa, na anayelibeza hajakaa na mtoto wa miaka tisa anayeshika kitabu kichwa chini miguu juu. La pili ni kwamba nusu nyingine walibaki palepale. Walikuwa na kifaa kilekile na umeme uleule, na haikutosha.

Swali la kumpimia kila mtoto somo lake linazaliwa katika nusu hiyo ya pili. Kwa nini mtoto huyu amesonga na jirani yake amekwama? Je, mashine inaweza kutambua kukwama huko na kubadilika?

Miongoni mwa timu tano za fainali ilikuwamo RoboTutor ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon cha Marekani, moja ya vituo vikongwe vya utafiti wa akili mnemba duniani. Programu yao ilimsikiliza mtoto akisoma kwa sauti na kujaribu kumfuata. Ilifika fainali lakini haikutwaa zawadi. Zilizoshinda zilijulikana zaidi kwa mtaala uliopangwa kwa uangalifu mkubwa, hatua baada ya hatua, na kwa mchezo ambao mtoto asiyewahi kugusa kioo cha simu anauelewa bila maelekezo. Sisemi kwamba akili mnemba haina kazi. Nasema mpangilio wa somo na ubora wa hadithi vilitangulia, na mashine haiwezi kumpimia mtoto kipimo kizuri cha kitu kibovu.

Tuliangalie basi jambo lenyewe linavyofanya kazi, maana watu wengi hulizungumza kama uganga.

Chukulia mchezo umetungwa kwa ajili ya watoto wa Mlingotini, kusini kidogo ya mji wa Bagamoyo, ambako wanawake wanalima mwani. Mhusika ni Tatu, msichana wa miaka tisa, anayemsaidia bibi yake siku za bamvua, maji yanapokupwa mbali na mashamba kubaki wazi. Bibi ana kamba 4, na kila kamba imefungwa vipande 15 vya mwani. Anamwuliza mjukuu wake: vyote ni vingapi? Jibu ni 60. Lakini mtoto mmoja anaandika 19, mwingine 45, wa tatu 420.

Mtihani wa kawaida utawapa wote watatu alama ya kosa na kuendelea. Mwalimu mzoefu anaona watoto watatu tofauti. Wa kwanza amejumlisha 4 na 15; hajajua swali linataka nini. Wa pili anajua kuzidisha, ila amesahau kamba moja. Wa tatu amezidisha 4 kwa 1 na 4 kwa 5, akaandika 4 na 20 bila kubeba. Anajua njia lakini hana picha ya ukubwa wa namba. Mchezo uliotengenezwa vizuri unajua makosa haya kabla hayajatokea, na kila kosa lina njia yake ndani ya hadithi. Mtoto wa 19 anamwona Tatu akitembea kamba hadi kamba, 15, 30, 45, 60, huku maji yakianza kumfika vifundoni. Wa 45 anasikia bibi akiita, “Mjukuu wangu, na ile ya mwisho umeniachia nani?” Wa 420 anaulizwa na bibi kama mwani huo wote utaenea kwenye ngalawa yao, na anarudi kukadiria kabla ya kukokotoa. Mwishoni wote watatu wanafika ufukweni, mwani unaanikwa na hadithi inaendelea pamoja.

Hadi hapo hakuna mashine iliyofikiri. Ni mtunzi na mwalimu waliofikiri mapema. Mashine inaingia katika kukisia yasiyoonekana. Kama swali lina majibu manne ya kuchagua, mtoto asiyejua chochote atapata moja kati ya manne kwa kubahatisha tu, na anayejua barabara naye huteleza. Katika miaka ya 1990 Albert Corbett na John Anderson, wa Carnegie Mellon hiyohiyo, walitengeneza njia ya kuyakadiria haya kwa kila stadi: uwezekano kwamba mtoto alikuwa anajua tangu mwanzo, uwezekano wa kujifunza katika kila jaribio, wa kuteleza, na wa kubahatisha. Kila jibu linabadilisha makadirio. Kwa hiyo mchezo haumpandishi mtoto ngazi kwa jibu moja sahihi, wala haumshushi kwa kosa moja. Hesabu yake ni nyepesi kiasi kwamba kishikwambi cha bei nafuu kinaifanya bila intaneti, na kwa vijiji vya pwani hii kama Makurunge au Mkwaja hilo lina uzito kuliko sifa nyingine zote za programu.

Matumaini ya kumpimia kila mtu somo lake yana historia. Mwaka 1984 Benjamin Bloom wa Marekani alidai kwamba mwanafunzi mwenye mwalimu wake peke yake huwapita wenzake wa darasani kwa umbali mkubwa sana, na tangu hapo waundaji wa programu wamekuwa wakiukimbiza umbali huo. Uchambuzi wa Kurt VanLehn wa mwaka 2011, uliokusanya tafiti nyingi, uliushusha: faida ya mwalimu wa mtu mmoja ilikuwa ndogo kuliko alivyodai Bloom, na programu bora zilikuwa zikimkaribia mwalimu huyo. Ni habari njema kwa wenye programu, lakini sehemu kubwa ya tafiti hizo ilihusu wanafunzi ambao tayari wanasoma, wenye shule inayofanya kazi na mtu mzima jirani.

Sisi tumeanzia kwingine. Utafiti wa mpango wa Uwezo wa mwaka 2010 hapa nchini ulionyesha kwamba takriban thuluthi moja tu ya watoto wa darasa la tatu waliweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Kipimo kilichotumika kilikuwa hadithi, na ninaona hilo linastahili kutazamwa. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa; mtoto akishika silabi zake, na akavuka vizingiti vya ng’, mbw na nyw, anaweza kutamka ukurasa mzima. Kutamka huko kunaweza kuwadanganya walimu na mashine pia. Mtoto anasoma kwa sauti safi na ukimwuliza nani aliyeingia mtumbwini hana jibu. Mchezo unaopima kasi ya silabi pekee utampandisha mtoto huyu ngazi hadi ngazi huku haelewi. Hadithi inamfichua, kwa sababu huwezi kutabiri Sungura atafanya nini kama hukuelewa Fisi amesema nini.

Hadithi kufundisha si dhana ngeni hapa nchini. Katuni ya Ubongo Kids ilianza kurushwa TBC1 Januari 2014, ikitengenezwa Dar es Salaam, na tangu mwanzo iliweka maswali ya kuchagua ambayo mtoto aliweza kuyajibu kwa ujumbe mfupi wa simu ya kawaida na kurudishiwa majibu. Mdogo wake, kipindi cha Akili and Me, kilipimwa na Dina Borzekowski wa Chuo Kikuu cha Maryland kwa watoto wa Morogoro, na waliotazama katuni hizo walifanya vizuri zaidi kuliko wenzao katika stadi kadhaa za awali. Katuni ilikuwa ileile kwa wote. Haikubadilika kwa mtoto yeyote, na bado ilifundisha, naamini kwa kuwa hadithi ilikuwa nzuri.

Kuna mambo matatu yanayochanganywa watu wanaposema mchezo “umjue mtoto”. Kuna kubadilisha mwendo na ugumu, kama nilivyoonyesha kwenye kamba za mwani. Kuna kubadilisha sura: jina la mhusika, mji wake, mnyama ampendaye. Na kuna kubadilisha hadithi yenyewe, mashine imtungie kila mtoto kisa chake kipya papo hapo. Uwezo wa hili la tatu umekuja na mifumo mikubwa ya lugha ya miaka ya karibuni, na ndilo linalovutia wafadhili. Mimi naliunga mkono la kwanza kwa nguvu zote, la pili kwa kiasi. La tatu, kwa watoto wanaoanza kusoma, nalipinga.

Sababu ya kwanza ni lugha. Hadithi nilizoziona zikitungwa na mashine kwa Kiswahili zimeboreka sana, lakini bado zinateleza pale mtoto anapojifunza. Utakuta “kiboko kikubwa kilitoka mtoni”, kana kwamba kiboko wa Mto Wami ni kiti au kikombe. Msomaji mzima anairekebisha kichwani na kusonga, mtoto wa darasa la kwanza anaichukua kuwa ndiyo lugha ya kitabuni. Utakuta mjukuu anaingia nyumbani na kumwambia bibi yake “Habari yako, bibi”, bila shikamoo wala marahaba. Bibi wa Dunda, mjini Bagamoyo, akisikia hilo likisomwa sebuleni kwake atauliza mchezo huu umetoka wapi, na atakuwa na haki. Sungura naye, mjanja ambaye kwenye ngano zetu hutoroka na karanga zake, kwenye hadithi za mashine hutubu mwishoni na kuomba radhi. Ametungwa na kitu kilichosoma maandiko mengi ya lugha nyingine na machache ya kwetu.

Sababu ya pili ni uangalizi. Taasisi ya Elimu Tanzania hupitia vitabu vya shule kabla havijamfikia mwanafunzi. Sasa kitapitiwaje kisa ambacho hakijaandikwa bado, kitakachosomwa na mtoto mmoja saa kumi jioni na kisionekane tena? Waundaji husema wataweka vichujio. Kichujio huzuia matusi. Hakizuii kisa kinachomwambia mtoto wa mvuvi kwamba kazi ya baba yake ni ya watu walioshindwa shule. Kosa la kitabu tunaweza kulionyesha kwa kidole na kudai toleo jipya.

Sababu ya tatu ndiyo ninayoithamini zaidi, na inahusu hadithi ni nini katika pwani hii. Msimulizi akiita, wasikilizaji wanaitikia, na kuanzia hapo kisa ni cha wote waliokaa mkekani. Bibi anayesimulia humpimia kila mjukuu: anamwona mdogo anasinzia, anamwingiza kwenye wimbo, anamwona mkubwa ameshabashiri mwisho, anambadilishia kona. Lakini hasimulii visa sita kwa wajukuu sita. Kesho yake kisimani wanakitania kisa hicho hicho, wanabishana, wanaigiza, na hapo mtoto aliyepitwa jana anaelewa kutoka kwa mwenzake. Watoto thelathini wa darasa moja wakipewa kila mmoja kisa chake, hakuna wa kubishana naye. Sehemu ya kujifunza iliyokuwa bure inapotea.

Bagamoyo ina watu wanaolijua hili kwa kazi. Chuo cha Sanaa kilianzishwa hapo mwaka 1981, na sasa ni TaSUBa. Kimefundisha waigizaji, wacheza ngoma na wanamuziki kwa zaidi ya miaka 40. Katika miaka hiyo ya 1980 Penina Muhando Mlama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya sanaa za maonyesho kwa maendeleo vijijini, Malya kule Mwanza na Msoga katika eneo ambalo sasa ni Chalinze. Wanakijiji walisema tatizo lao, wakalitungia mchezo kwa ngoma zao wenyewe, wakaucheza, kisha wakaujadili. Mchezo wa kompyuta wenye matawi, ambamo uamuzi wa mtoto unageuza njia ya hadithi, unahitaji ujuzi uleule: kujua wapi msikilizaji apewe nafasi ya kuingilia na wapi hadithi ishike usukani. Ningependa kuona wahitimu wa TaSUBa wakiajiriwa kwa kazi hii, kama watunzi wenye jina kwenye kazi na hisa kwenye mapato. Desturi ya kuwaita dakika za mwisho waweke sauti kwenye kisa kilichotungwa mbali haitatufikisha popote.

Nasema jina na hisa kwa sababu pwani hii imeshatoa hadithi zake bila kubaki na kitu. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, aliandika kwa Kiswahili juu ya malezi, chuo cha Kurani, jando, ngoma na mila za watu wa mrima. Kazi hiyo ilichapishwa Ujerumani mwaka 1903 chini ya mhariri Carl Velten, kwa jina la Desturi za Wasuaheli. Mtoro mwenyewe alifundisha Kiswahili Berlin na akafia huko mwaka 1927. Mpaka leo ni rahisi kukipata kitabu hicho katika maktaba za Ulaya kuliko katika shule ya msingi ya mjini kwao. Ngano za Wakwere, Wadoe na Wazigua zikikusanywa leo kulisha mfumo wa lugha, mkataba unapaswa kusema ni za nani, nani atalipwa, na nakala itakaa wapi Bagamoyo.

Sauti inastahili neno lake. Mashine inayomsikiliza mtoto akisoma ingekuwa msaada mkubwa kuliko yote niliyotaja, maana mwalimu mwenye watoto 80 hawezi kumsikiliza kila mmoja. Mradi wa Common Voice wa Mozilla umekusanya saa nyingi za Kiswahili kilichosomwa na watu wa kujitolea, na ni hazina. Lakini mashine iliyofunzwa kwa sauti za watu wazima huyumba kwa mtoto wa miaka saba: sauti yake nyembamba, anakatakata, anarudia silabi, anavuta pumzi katikati ya neno. Na mtoto ambaye nyumbani kwao wanachanganya r na l atasoma “kura” ikasikika “kula”. Je, amekosa kusoma au ana lafudhi ya kwao? Mwalimu wa kijijini anajua jibu. Mashine isipofundishwa tofauti hiyo itamrudisha mtoto huyo ngazi ya chini kila siku, na mtoto atahitimisha kwamba yeye ni mjinga. Kurekodi watoto wa Bagamoyo, Pangani na Handeni, kwa idhini ya wazazi, ni kazi ya lazima kabla ya kuleta msikilizaji wa aina hiyo darasani.

Kwa habari ya idhini, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, ipo Tume ya kuisimamia, na taarifa za watoto zinahesabiwa kuwa nyeti. Mchezo wa aina hii hukusanya mengi kuliko mzazi anavyodhani: kila kusita, kila kosa, saa mtoto aliyocheza, sauti yake. Kumbukumbu hizo zikihamishwa kwenda seva ya ng’ambo, miaka kumi baadaye zinaweza kumweleza kijana kwa mtu asiyemjua. Kwa kuwa hesabu za kukadiria stadi zinafanyika ndani ya kifaa, sababu ya kuzitoa kijijini ni ndogo. Zibaki pale, mwalimu azione, zifutwe mtoto anapomaliza darasa.

Vifaa navyo havikosekani kabisa. Baada ya Sensa ya 2022 Serikali iligawa kwa walimu vishikwambi vilivyotumiwa na makarani. Kimoja mbele ya darasa, kikiendesha hadithi moja huku mwalimu akiletewa maswali ya ngazi tatu kufuatana na makosa ya jana, ni mwanzo unaowezekana kesho kuliko kishikwambi kwa kila mtoto. Malawi wamechukua njia nyingine: serikali yao inaeneza programu ya onebillion katika shule za msingi za umma, watoto wakitumia vifaa kwa zamu. Tunayo ya kujifunza kwao, hasa juu ya kuchaji, kutunza na kurekebisha, ambako miradi mingi hufia.

Kinachokosekana ni jaribio lililopangwa kwa swali letu wenyewe. XPRIZE ilipima programu dhidi ya programu. Mimi ningetaka shule za Bagamoyo na Chalinze zipewe hadithi moja iliyotungwa hapa, katika namna mbili: kundi moja mashine ibadilishe mwendo na maswali tu, kundi jingine ibadilishe kisa chenyewe kwa kila mtoto, na kando yao kundi la tatu la kulinganisha libaki na mwalimu na kitabu cha kawaida. Mwaka wa shule ukiisha, vifaa viwekwe kando. Kila mtoto asome ukurasa wa karatasi ambao hajawahi kuuona, kisha amsimulie mwenzake alichosoma, na mwenzake aulizwe ameelewa nini.